Brandi na mvinyo ulioongezwa nguvu: jinsi ya kutofautisha chupa zinazouzwa Kangundo

Kando ya barabara inayotoka Nairobi kupitia Tala hadi Kangundo, maduka mengi ya vileo yana maandishi yaleyale juu ya mlango: "Wines and Spirits". Wengi huyasoma kama jina la biashara tu, kama vile "hoteli" au "kinyozi". Lakini maneno hayo yanataja vinywaji vya aina mbili ambavyo sheria, ushuru na mwili wa mnywaji haviwezi kuvichukulia kuwa kitu kimoja. Upande mmoja ni mvinyo, upande wa pili ni pombe kali.

Katikati yake kuna chupa inayowachanganya wanunuzi, na hata baadhi ya wauzaji. Ni mvinyo ulioongezwa nguvu, ambao lebo yake huandikwa "fortified wine". Mara nyingi hupangwa kwenye rafu ya mvinyo wa kawaida, una rangi nyekundu au ya dhahabu, na aghalabu ni mtamu. Mnunuzi huona neno "wine" akadhani ni kinywaji chepesi. Mwingine huonja ukali wake akadhani ni brandi. Wote wawili wamekosea, na kosa la kwanza ndilo la hatari zaidi, kwa sababu anayedhani amenunua mvinyo hujimiminia glasi nzima.

Tofauti inaanzia jikoni, na mkazi wa Ukambani ana nafasi nzuri ya kuielewa kuliko watu wengi. Kaluvu na muratina ni vinywaji vya kuchachuka. Asali au maji ya miwa huachwa na chachu kwenye joto, chachu inakula sukari, na sukari hiyo inageuka kuwa kileo na gesi. Mvinyo wa zabibu hutengenezwa kwa kanuni hiyohiyo. Zabibu hupondwa, maji yake yakachachuka kwa siku kadhaa, na kinachopatikana ni mvinyo wenye kileo cha asilimia 11 hadi 14 hivi. Hauwezi kupanda sana kupita hapo wenyewe. Kileo kikikaribia asilimia 15 au 16, chachu nyingi hulemewa na kufa kwa sumu ya kile zilichokitengeneza.

Ili kuvuka kiwango hicho kuna njia moja tu, nayo ni ile inayotumiwa na wapishi wa chang'aa: kukeneka. Kinywaji kilichochachuka huchemshwa. Kileo huchemka kwenye nyuzijoto 78, mapema kuliko maji yanayosubiri hadi 100, kwa hiyo mvuke wa kwanza huwa umejaa kileo. Mvuke huo ukipozwa unarudi kuwa maji, safari hii makali.

Brandi ni mvinyo uliokenekwa. Jina lenyewe linatoka kwa Waholanzi, walioita kinywaji hicho brandewijn, yaani mvinyo uliochomwa. Huko Cognac, Ufaransa, mvinyo hukenekwa mara mbili katika vyungu vya shaba hadi ufikie takriban asilimia 70 ya kileo, kisha ukahifadhiwa kwenye mapipa ya mbao za mwaloni kwa muda usiopungua miaka miwili. Afrika Kusini, nchi inakotengenezwa Viceroy inayofahamika sana na wanywaji wa Kenya, sheria inataka brandi iliyokenekwa kwa vyungu ikae kwenye mapipa miaka isiyopungua mitatu. Mapipa hayo ndiyo yanayoipa brandi rangi ya kahawia na harufu yake, kwa maana inapotoka kwenye chungu huwa nyeupe kama maji. Kabla ya kutiwa kwenye chupa hupunguzwa makali kwa maji hadi asilimia 40 hivi. Lita moja ya kileo kinachotoka kwenye chungu inahitaji lita nane hadi kumi za mvinyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya brandi halisi kutokuwa rahisi.

Hapa neno moja la Kiswahili linahitaji maelezo. Kamusi zinasema konyagi ni brandi, na neno hilo kweli limetokana na Cognac. Lakini chupa maarufu ya Tanzania yenye jina hilo ina kinywaji cheupe kabisa kisichotokana na zabibu. Anayeagiza konyagi akiwa Arusha na anayesoma neno hilo kwenye kamusi akiwa Kangundo wanazungumzia vitu viwili.

Mvinyo ulioongezwa nguvu haukenekwi. Ni mvinyo uliotiliwa pombe kali, na pombe hiyo kwa kawaida ni ya zabibu, yaani ndugu wa brandi. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni poti ya Ureno, inayotoka katika bonde la mto Douro, eneo ambalo mipaka yake iliwekwa rasmi mwaka 1756. Wafanyabiashara waliokuwa wakisafirisha mvinyo kwa meli kwenda Uingereza waligundua kwamba ukitiliwa pombe kali haugeuki siki njiani. Leo mtengenezaji wa poti hasubiri mvinyo umalize kuchachuka. Sukari ikiwa bado nyingi, anamimina pombe ya zabibu yenye asilimia 77 ya kileo, takriban sehemu moja kwa kila sehemu nne za mvinyo. Chachu inakufa papo hapo, sukari iliyobaki haina wa kuila, na kinywaji kinabaki kitamu na chenye kileo cha asilimia 19 hadi 22. Sheri ya Uhispania hufuata mpangilio tofauti: mvinyo huachwa uchachuke kabisa ndipo pombe iongezwe, kwa hiyo sheri nyingine haina utamu hata kidogo. Madeira, Marsala na vamuthi zimo katika ukoo huohuo.

Kwa lugha ya nyumbani, ni kana kwamba mtu amemimina chang'aa ndani ya kaluvu ili isiharibike. Mfano huo ni wa kufafanua tu. Asiyejua kilichomo ndani ya chang'aa hiyo asijaribu, na sababu zinafuata hapa chini.

Zabibu zenyewe si ngeni katika eneo hili. Kampuni ya KWAL, iliyoanzishwa mwaka 1969, imewahi kutengeneza mvinyo wenye jina la Yatta kutokana na zabibu zilizokuzwa Yatta, humuhumu katika Kaunti ya Machakos. Tanzania nayo ina mashamba makubwa Dodoma, ambako ukame na joto, mambo ambayo mkulima wa Yatta anayajua vizuri, huruhusu mavuno mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya brandi na mvinyo ulioongezwa nguvu unaoonekana madukani hutoka nje, na pia kuna chupa nyingi ambazo ndani yake hakuna zabibu kabisa. Hizo huandikwa maneno kama "spirit" na "brandy flavoured", maana yake ni pombe kali ya kawaida iliyotiwa ladha na rangi ya brandi. Si kosa kuuza kinywaji hicho ikiwa lebo inasema ukweli na ubora umekaguliwa. Kosa ni kumuuzia mtu kwa bei ya brandi.

Viwango vya ubora vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vinavyosimamiwa nchini na shirika la KEBS, vimetenga brandi na mvinyo ulioongezwa nguvu katika hati tofauti. Ushuru nao umevitenga, na hapa ndipo mnunuzi wa kawaida anaweza kujilinda kwa hesabu ndogo.

Katika orodha ya ushuru wa bidhaa, mvinyo ulioongezwa nguvu umewekwa pamoja na mvinyo, wakati brandi imo katika kundi la pombe kali. Hadi mwishoni mwa 2024 ushuru ulitozwa kwa lita ya kinywaji, bila kujali makali yake ndani ya kundi: Sh243.43 kwa lita ya mvinyo na Sh356.42 kwa lita ya pombe kali. Tangu 27 Desemba 2024, baada ya marekebisho ya sheria za kodi, ushuru unatozwa kulingana na kileo halisi kilichomo. Kila sentilita moja ya kileo halisi hutozwa Sh22.50 ikiwa ndani ya mvinyo, na Sh10 ikiwa ndani ya pombe kali.

Chukua chupa ya mililita 750 ya mvinyo ulioongezwa nguvu wenye asilimia 18. Ndani yake mna sentilita 13.5 za kileo halisi, na ushuru wake ni Sh303.75. Hapo awali ulikuwa takriban Sh183. Chupa ya brandi ya ukubwa huohuo yenye asilimia 40 ina sentilita 30 za kileo, na ushuru wake ni Sh300, kutoka takriban Sh267. Kwa maneno mengine, chupa hizo mbili sasa zinalipiwa ushuru unaokaribia kulingana, ingawa brandi ina kileo zaidi ya mara mbili. Huenda msomaji akaona ni ajabu, lakini ndivyo hesabu inavyotoka.

Manufaa ya hesabu hii ni kwenye dirisha la duka. Kabla ya gharama ya chupa, kizibo, usafiri, faida ya muuzaji na kodi ya VAT ya asilimia 16, chupa yoyote ya mililita 750 ya brandi ya asilimia 40 inadaiwa Sh300 za ushuru peke yake. Ile ndogo ya mililita 250 inadaiwa Sh100. Ikiwa muuzaji anaitoa kwa bei inayokaribia kiasi hicho, basi kuna jambo moja kati ya mawili: ushuru haukulipwa, au kilicho ndani si kile kilichoandikwa nje. Mara nyingi mambo hayo mawili husafiri pamoja.

Kuhusu afya, kipimo cha kuanzia ni glasi. Toti moja ya brandi, mililita 30, ina mililita 12 za kileo halisi. Glasi ya kawaida ya mvinyo, mililita 150, ikijazwa mvinyo ulioongezwa nguvu wa asilimia 18, ina mililita 27. Aliyekunywa glasi hiyo moja amemeza kileo zaidi ya mara mbili ya yule aliyekunywa toti, lakini kwa macho ya walioketi mezani, mwenye toti ndiye "mlevi" na mwenye glasi "anakunywa tu mvinyo". Bia ya lager ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Kwa hiyo chupa nzima ya mvinyo huo wa asilimia 18 ni sawa na zaidi ya bia sita, na chupa nzima ya brandi ni sawa na bia 14.

Katika nchi zilizouzoea, mvinyo huu hutolewa kwenye glasi ndogo, mililita 60 hadi 75, mwishoni mwa mlo. Kwetu hutolewa kwenye glasi yoyote iliyo karibu, mara nyingi katika harusi na sherehe za ruracio, na mara nyingi huwekwa mbele ya akina mama na vijana kwa kuwa "si kali". Utamu ndio unaodanganya. Poti ina karibu gramu 100 za sukari kwa lita, kwa hiyo glasi hiyo ya mililita 150 ina sukari inayokaribia vijiko vinne vya chai. Mgonjwa wa kisukari anapaswa kujua hilo. Brandi halisi haina sukari nyingi, lakini hilo halimfanyi mtu yeyote kuwa salama, maana kileo chenyewe huvuruga kiwango cha sukari mwilini, hasa kwa anayetumia dawa.

Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 10 za kileo kwa saa, sawa na toti moja. Kahawa, maji baridi na kutembea havileti kasi yoyote. Dereva anayeondoka Kangundo kwenda Nairobi baada ya glasi mbili za mvinyo ulioongezwa nguvu, akiamini kwamba hakugusa pombe kali, amebeba gramu zipatazo 42. Kanuni za 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za kileo kwa kila mililita 100 za pumzi, na kifaa cha alkoblow hakiulizi kileo kilitoka kwenye chupa gani.

Hatari kubwa zaidi haimo katika mojawapo ya vinywaji hivi, bali katika vile vinavyojifanya kuwa hivyo. Kaunti hii ina kumbukumbu yake. Katikati ya mwaka 2005 zaidi ya watu 40 walifariki Machakos baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, na wengine wengi wakalazwa hospitalini. Mwezi Mei 2014 msiba kama huo ulizikumba Embu, Kitui, Kiambu na kaunti nyingine. Methanoli ni kileo cha viwandani, kinachotumika kwenye rangi na viyeyushi. Kwa macho na kwa pua hakitofautiani sana na kileo cha kunywa, na huuzwa rahisi. Mwili hukigeuza kuwa asidi inayoshambulia neva za macho.

Watu wengi huamini kwamba methanoli hutokana na upishi mbaya. Ni kweli kiasi kidogo hupatikana katika kukeneka, hasa kwenye matone ya kwanza, na ndiyo sababu mkenekaji stadi hayachanganyi na yanayofuata. Lakini vifo vya makumi ya watu kwa usiku mmoja havitokani na uzembe wa chungu. Vinatokana na mtu aliyemimina kemikali ya viwandani ndani ya pipa kwa makusudi ili kuongeza faida.

Dalili huchelewa. Mtu anaweza kulala akiwa mlevi wa kawaida, akaamka baada ya saa 12 hadi 24 akiwa na maumivu ya kichwa na tumbo, kutapika, pumzi za haraka, na macho yanayoona ukungu. Anayeonyesha dalili za macho baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja. Kwa wakazi wa hapa, Hospitali ya Kangundo Level 4 ndiyo ya kukimbilia kwanza. Maziwa, mafuta ya kupikia na "kutoa lock" kwa pombe nyingine si tiba, na saa zinazopotea nyumbani ndizo zinazompotezea mtu macho. Ni vyema pia kubeba chupa aliyoinywea, hata ikiwa tupu.

Kabla ya kununua, chupa isomwe. Alama ya KEBS iwepo. Stempu ya ushuru ya KRA, inayobandikwa kwenye vileo vya chupa tangu mfumo wa EGMS ulipoanza mwaka 2013, iwe nzima na iwe imebandikwa mahali ambapo kufungua chupa kutaichana. Programu ya simu ya KRA iitwayo Soma Label huikagua. Asilimia ya kileo iandikwe waziwazi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka pia maonyo ya afya kwenye lebo, ilipiga marufuku pombe ya vifuko, na haikubali auziwe mtu wa chini ya umri wa miaka 18. Kizibo kilicholegea, lebo iliyobandikwa kombo na chupa mbili za chapa moja zenye rangi tofauti ya kinywaji ni dalili za chupa iliyojazwa upya. Kwa sababu hiyo, chupa tupu ya brandi ya bei ghali ivunjwe au lebo yake ichanwe kabla ya kutupwa. Kuna wanaozinunua.

Wakazi pia wamekuwa wakipeleka malalamiko mahali pasipostahili. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kutoa leseni za vileo, kwa hiyo duka lisilo na leseni, baa iliyo ndani ya mita 300 kutoka shuleni, au baa inayofunguliwa kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, ni suala la afisi ya kaunti ndogo. Stempu bandia ni ya KRA, na ubora wa kinywaji ni wa KEBS. Anayetaka msaada wa kuacha pombe, au kumsaidia jamaa, anaweza kupiga simu ya NACADA, 1192, bila malipo.

Limebaki suala la chupa iliyofunguliwa, ambalo huulizwa sana baada ya Krismasi. Brandi iliyofungwa vizuri na kuwekwa mbali na jua inaweza kukaa miezi mingi bila kuharibika, lakini haiongezeki ubora ndani ya chupa. Miaka yake ilihesabiwa kwenye pipa. Mvinyo wa kawaida huanza kuelekea siki baada ya siku tatu hadi tano. Mvinyo ulioongezwa nguvu, kwa sababu ya pombe iliyotiwa ndani, hustahimili wiki tatu au nne ukiwekwa kwenye friji, isipokuwa sheri nyepesi isiyo tamu, inayopaswa kumalizika ndani ya wiki moja. Zote tatu ziwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki, na zisihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda.